Tiba ya mazungumzo bure kwa wanafunzi: tunaanzia wapi?

MwlUnasihi
Wakuu, habari za kazi. Shule yetu ni sekondari ya kata, wanafunzi 580, walimu wa unasihi wawili ambao pia wanafundisha. Mkuu wa shule amekubali wanafunzi wapate tiba ya mazungumzo bila malipo, ila fedha ya kuajiri mwanasaikolojia hakuna. Tunapanga kugawa dodoso la sonona shule nzima wiki ijayo, kisha tuanze na walioelemewa zaidi. Njia hii ni sahihi? Na asiyesomea saikolojia anaweza kuendesha vikao?

Nasaha_Kaskazini
Mwalimu, dodoso lisubiri kabisa. Ukigawa karatasi 580 asubuhi, jioni utakuwa na majina ya watoto waliofungua mioyo yao na huna pa kuwapeleka. Mtoto aliyejieleza akapuuzwa hasemi tena.

Andikeni kwanza ukurasa mmoja: nani anamwona siku hiyohiyo mtoto mwenye mawazo ya kujiua, hospitali ipi inapokea rufaa, nani anamsindikiza, nauli inatoka wapi, mzazi anaambiwa na nani. Afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto wajue mpango kabla haujaanza. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ibandikwe ukutani, ni bure.

Mkitumia PHQ-9, yaani dodoso la sonona lenye maswali 9, alama ni 0 hadi 27, na kuanzia 10 mtoto afanyiwe tathmini ya ana kwa ana. Kosa la kawaida ni kutazama jumla tu. Swali la 9 linahusu kujidhuru: mwenye jumla ya 6 anaweza kuwa amelijibu ndiyo, na huyo ndiye wa kuonwa kwanza. Karatasi zisomwe siku ileile, zisilale kwenye droo ya ofisi.

mnasihi_wa_vikundi
Kuhusu wasiosomea: wanaweza, kwa masharti. Utafiti wa Pamoja Tunaweza uliofanyika Moshi na Bungoma ulihusisha yatima 640 wa miaka 7 hadi 13, na walioendesha vikao 12 vya kikundi hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Kenya kuna Shamiri, programu ya afya ya akili kwa wanafunzi wa sekondari: vikao 4 vya saa moja kila wiki, vinavyoendeshwa na vijana waliotoka sekondari karibuni. Matokeo ya jaribio lao kwa wanafunzi 413, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua.

Lakini wote hao walifuata mwongozo ulioandikwa na walikuwa na msimamizi. Bila msimamizi, kufika kikao cha tatu mnasihi anakuwa anahubiri. Tafuteni muuguzi wa afya ya akili wa wilaya, awape saa moja kila wiki, hata kwa simu.

Vikundi viwe vya watoto 8 hadi 12. Barua ya ridhaa iende kwa mzazi, na mtoto mwenyewe aulizwe. Kikao cha kwanza waambiwe siri inaishia wapi: pale maisha yao au ya mwingine yakiwa hatarini. Ukatili wa nyumbani usisimuliwe kikundini. Mtoto asikilizwe peke yake, na taarifa ifike kwa ustawi wa jamii.

MwlUnasihi
Asanteni sana. Mwalimu mmoja wa unasihi ndiye pia mwalimu wa nidhamu. Ni shida?

Nasaha_Kaskazini
Ni shida kubwa. Hakuna mtoto atakayemwambia siri anayeshika fimbo. Aachie nidhamu au aachie unasihi.

Pia msiwaite kwa majina mstarini. Kufika saa nne shule nzima inajua. Chumba kisipakane na ofisi ya walimu.

mama_ushauri
Naongezea lugha. Ukiuliza "una sonona?" utajibiwa hapana. Watoto husema kichwa kinauma kila siku, mawazo mengi, usingizi hauji, sina hamu ya kula. Ulizeni kwa maneno hayo. Na vikao 4 vianze mapema katika muhula. Vikiangukia wiki ya mitihani, viti vinabaki vitupu na kikundi hakirudi.