Nimemaliza The Selection ya Kiera Cass usiku mmoja, naombeni tuongee kuhusu Maxon na Aspen

mkesha_wa_kurasa:
Habari zenu wapenzi wa riwaya. Jana nilijiambia nasoma sura tatu nilale, nimekuja kufunga kitabu saa kumi na moja alfajiri na moyo unanienda mbio, na tangu hapo sijaweza kufikiria kitu kingine jamani.

Kwa ambao hawajakisoma, nchi inaitwa Illéa na watu wamegawanywa kwa namba, matabaka 8, Wa Kwanza ndo familia ya kifalme na Wa Nane ni wale wasio na pa kulala, na namba yako ndo inakuamulia kazi ya kufanya maisha yako yote. America Singer ni wa Tano, yaani wasanii, anaimba kwenye sherehe za matajiri, na kwa siri anampenda Aspen ambaye ni wa Sita, chini yake. Mwanamfalme Maxon anatafuta mke kati ya wasichana 35 huku nchi nzima inatazama kwenye tivii, jina la America linachaguliwa na yeye hata hakutaka kwenda.

Sasa kila mtu anavyokisifia anaongelea magauni na ikulu, mi kilichonishika ni chakula. Kuna ile sehemu mwanzoni kwenye kibanda cha juu ya mti, America kadunduliza hela yake kamwandalia Aspen chakula kizuri, anasubiri amuone anakula kwa furaha, na Aspen badala ya kufurahi anaumia kwa sababu yeye kama mwanaume hana cha kumpa, na usiku huohuo anamuacha. Nilirudia kurasa zile mara mbili. Halafu anafika ikulu na kale kachupa kenye senti moja, zile senti Aspen alizokuwa anamlipa akimuimbia, mezani kuna keki ndogo za stroberi na kitu cha kwanza anachofikiria ni mdogo wake May, kwamba angelia akizionja. Mtu aliyewahi kulala njaa ndo anafikiria hivyo, anakula lakini akili iko kwa walioko nyumbani. Hapo ndo nilipompenda America kabisa.

Maswali yangu mawili. Je mnaona kama mimi, au nimekisoma peke yangu? Na je niendelee na The Elite, kitabu cha pili? Naogopa Maxon ataharibika, nimeshampenda. Msiniharibie tafadhali.

timu_bustani:
Huko peke yako kabisa! Na ongezea ile siku America anamwambia Maxon ukweli kwamba watu wake wanalala njaa na yeye hajui, kakulia humo ndani ya kuta hajawahi kukosa mlo, lakini hajitetei, anasikiliza, na baadaye anatangaza mpango wa kuwalisha watu. Mi hapo ndo nikahamia kwake moja kwa moja. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaanza kulegea usiku ule wa kwanza, America kabanwa na pumzi anataka kutoka bustanini, walinzi wanamkatalia, Maxon anatokea anasema mfungulieni mlango. Hajui hata ni nani vizuri na ameshamfungulia mlango. Mwanaume wa namna hiyo kwenye riwaya hizi ni adimu, wengi wanaandikwa wakali na wajeuri tukiambiwa hayo ndo mapenzi.

Na kale kaishara kao ka kuvuta sikio wakitaka kuongea, aisee, kila nikikuta mtu kashika sikio kwenye ukurasa nilikuwa natabasamu.

Endelea na The Elite. Utamkasirikia, sikufichi, ila endelea.

mtetezi_wa_wa_sita:
Mi nitasimama na Aspen hata nikibaki mwenyewe. Mnamuhukumu kwa lile tukio la kwenye mti lakini hebu mfikirieni, kijana analisha familia nzima, baba hayupo, kila tonge analokula anajua kuna mdogo wake halipati. Na ni yeye ndo aliyemwambia America ajaze ile fomu ya kuomba kuingia kwenye shindano la Maxon, kwa sababu hakutaka awe ndo sababu ya yeye kukosa nafasi ya maisha mazuri. Kumsukuma unayempenda aende kushindaniwa na mtu mwingine siyo jambo dogo. Maxon kufungua mlango ni rahisi, milango yote ni yake.

Kitu ambacho naona kitabu kimekosea ni waasi. Wanavamia ikulu, wasichana wanakimbizwa kujificha, halafu kesho yake tunarudi kwenye magauni na sisi wasomaji hatuelewi wanataka nini hasa. Kitabu cha kwanza kinaishia wakiwa wamebaki wasichana 6 na bado sijaelewa.

msomaji_wa_zamani:
Ongezeni na hili, mwandishi mwenyewe alishasema wazo lilimjia akiwaza kuhusu Esta wa kwenye Biblia na Sinderela. Kaa na hiyo kidogo. Esta alikusanywa pamoja na mabinti wengine, wakaandaliwa miezi 12, sita mafuta ya manemane na sita manukato, na hakuna aliyeandika kama nyumbani kulikuwa na mtu anampenda. Sinderela naye hakuomba mwanamfalme, aliomba usiku mmoja wa kutoka. Ndo maana America anaingia ikulu moyo wake ukiwa umeshakaliwa, na ndo maana kitabu hiki kinaniuma zaidi ya vingine vya aina yake.

Kuhusu mpangilio: The Selection ni 2012, The Elite 2013, The One 2014, hizo tatu ndo habari ya America. Zipo mbili za baadaye, The Heir na The Crown, ila nakuomba sana usisome hata maneno ya nyuma ya jalada, yanakupa jibu lote kabla hujafika. Mimi ndivyo nilivyoharibiwa na mpaka leo roho inaniuma.

Ukimaliza zote na bado una kiu ya ikulu, tafuta Red Queen ya Victoria Aveyard, huko matabaka ni ya damu, nyekundu na ya fedha, na ni ya kikatili zaidi.

mkesha_wa_kurasa:
Asanteni sana wapendwa, sikutegemea. @mtetezi_wa_wa_sita umenifanya nirudi kwenye ile sura ya fomu na kweli nilikuwa nimeipita haraka, Aspen anaongea huku hamwangalii usoni, nilidhani ni hasira kumbe siyo. Bado niko na Maxon lakini sasa kale kachupa ka senti kananiuma zaidi. The Elite nimeshaipata, naianza leo usiku, nikikasirika nitakuja hapahapa.