Magego mapya ya mtoto: kuziba, kupaka floraidi au mswaki tu?

MamaNyegezi: Wakuu, binti yangu wa miaka 6 kaota magego nyuma kabisa. Nilidhani ni ya utoto, kumbe daktari wa meno kasema ndiyo ya kudumu, hayana mbadala. Kanipa njia mbili: kuziba vifereji vya juu kwa silanti, au kupakwa floraidi, dawa ya kuimarisha meno, kila miezi 6. Baba yake anasema yote kula hela, mtoto apige mswaki. Nyie mlifanyaje?

Mvuvi_Kirumba: Namuunga mkono shemeji. Sisi Ukerewe tumekulia mswaki wa mti, meno yapo mpaka leo.

DadaIgoma: Mvuvi, soda na pipi mlizikuta kila kona? Na michembe, vile viazi vitamu vikavu, unajua inavyonata kwenye gego, vifereji vyenyewe vyembamba, nywele za mswaki haziingii. Wangu wawili niliwaziba. Hakuna sindano wala kuchimba: wanasafisha, wanapaka asidi sekunde chache, wanaosha, wanakausha, wanaweka dawa kama gundi na kuimulika taa ya buluu mpaka igande. Wa kwanza alifunga mdomo katikati ya kazi, ikalowa mate, wakaanza upya. Ikilowa haishiki.

Msaidizi_Kliniki: Hapo kwenye mate ndipo penyewe. MamaNyegezi, kabla ya bei uliza gego limetoka lote au fizi bado imelifunika. Kama bado, kulikausha ni kazi. Hapo huwekwa glasi ayonoma, aina nyingine ya dawa ya kuziba, inayovumilia unyevu ila hubanduka mapema, au anapakwa floraidi akisubiri. Silanti hulinda juu ya gego tu, kati ya jino na jino haifiki. Na ikaguliwe kila mnapokwenda, kipande kikitoka kinarudishiwa.

Bwiru77: Floraidi si ndiyo inafanya meno kahawia kama ya Arusha?

Msaidizi_Kliniki: Kule imezidi kwenye maji, watoto wanayanywa miaka yote meno yakiumbika. Bomba la Mwanza ni maji ya ziwa, floraidi yake ndogo. Wa kisima, hasa ukielekea Shinyanga, apimishe. Dawa ya meno msimnyime, ukubwa wa punje ya njegere, ateme bila kusukutua sana.

Mvuvi_Kirumba: Sawa, ila mimi nina meno 26. Sikuyataja yaliyong'olewa.

MamaNyegezi: 😂 Baba yake kasoma yote kimya, kauliza tu gego moja shilingi ngapi.