Mrejesho: Yule wa wizarani aliyeuliza kuhusu kuhamia miradi ya ubia

Habari wadau. Niliwauliza kama niache ajira ya serikali kabla ya miaka 55 ya kustaafu kwa hiari, niende kuandaa miradi ya ubia kati ya sekta ya umma na binafsi hapa Dar. Wengi mlishauri nisiache kazi, niombe kwanza kuazimwa, yaani kwenda kufanya kazi kwingine kwa muda huku nikibaki mtumishi wa serikali. Nimefuata hilo, kibali kimetoka na nimeshaanza.

Kazi nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Sheria ya ubia ya 2010 niliijua juujuu. Sasa naisoma kifungu kwa kifungu, pamoja na marekebisho ya 2018 na 2023. Mvutano mkubwa mezani ni nani abebe hasara mambo yakienda kombo: abiria wakipungua, shilingi ikishuka, fidia ya ardhi ikichelewa. Chukua mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka ya hapa Dar, wa Kimara hadi Kivukoni ulioanza 2016. Barabara na vituo vilijengwa na serikali, mabasi yakaendeshwa na kampuni. Mabasi yasipotosha, barabara nzuri haimsaidii abiria aliyesimama Kimara saa kumi na mbili asubuhi. Huyo ndiye ninayemfikiria tunapojadili vigezo vya huduma.

Uzoefu wa serikalini unanibeba sana, maana wenzangu waliotoka benki hawajui jalada linavyotembea.

Aliyeuliza kuhusu mafao: michango yangu inaendelea PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma), ila hakikisha barua ya kuazimwa inataja nani anailipa. Na dada uliyesema uko njia panda kama mimi, anza na msimamizi wako. Wangu ndiye aliyeisukuma barua hadi ikafika kwa katibu mkuu.