Piza ya Napoli, New York, Chicago au Detroit: wewe wapiga kura wapi?

Mlafi Mstaarabu
Wakuu, habari zenu. Ubishi wa mezani umenishinda, nimeuleta huku. Wapo wanaoapa kwamba piza ni ya Napoli, Italia, tu, nyingine zote ni mikate iliyopakwa jibini. Wengine wanasema hiyo ya Napoli ni tepetepe, ukinyanyua kipande ncha inalala na sosi inakimbilia kwenye mkono wa shati. Mimi napenda ukoko unaolia ukiung'ata, ila sitaki biskuti. Nani amezila kwa kuzilinganisha? Na mtoe sababu, "tamu tu" haitoshi.

Kuni na Moto
Kulala kwa ncha si kosa la mpishi, ndivyo inavyotakiwa. Chama cha Napoli kilichoundwa 1984 kuilinda piza hiyo kinataka tanuri, kwa desturi la kuni, ambalo joto lake kwenye kuba linakaribia nyuzi 485 za Selsiasi, na piza itoke ndani ya sekunde 60 hadi 90. Kwa muda huo maji ya kwenye kinyunya hayawahi kukauka. Ukingo unafura na kupata madoa meusi, katikati panabaki laini. Ndiyo maana wenyewe hushika kisu na uma, au huikunja mara mbili wakaila huku wanatembea.

Kipimo changu cha pizeria yoyote ni margherita. Nyanya, jibini laini ya mozzarella, majani ya mrehani, mafuta ya zeituni: hapo mpishi hana pa kujificha. Da Michele ya Napoli, iliyoanza 1870, imejenga jina lake kwa margherita na marinara, ile ya nyanya isiyo na jibini. Mahali wanapojaza nyama za kila aina juu, mimi huanza kukishuku kinyunya.

Slaisi Moja Tu
@Kuni na Moto hoja yako nzuri, lakini umemsahau mtu mwenye haraka. New York, pizeria ya Lombardi's inahesabiwa kuanza 1905, kwa tanuri la makaa ya mawe. Slaisi tunayoijua leo, kipande kinachouzwa kimoja kimoja, ni ya oveni ya gesi: joto la chini kidogo, dakika kadhaa, jibini isiyo na maji mengi. Inakauka chini lakini inakunjika katikati bila kupasuka. Na kuna siri watu hawaisemi: slaisi iliyokaa kabatini ikarudishwa kwenye oveni mara nyingi huishinda ile iliyotoka sasa hivi. Moto wa pili unaukausha ukoko. Mlafi, hiyo ndiyo yako.

Bibi Jibini
Aende New Haven basi, kule Connecticut, Marekani! Pizeria ya Frank Pepe ipo tangu 1925, makaa ya mawe mpaka leo, ukoko mwembamba uliobabuka kingo. Pale ukiagiza ya kawaida unaletewa nyanya na jibini kavu ya kukuna. Mozzarella unaomba mwenyewe. Nyanya inasikika kwa mara ya kwanza.

Sahani Ndefu
Mnavyoiruka Chicago mnanifurahisha. Ile ya sufuria yenye kina, iliyoanzia Pizzeria Uno 1943, watu wanaicheka kwamba imepangwa kichwa chini miguu juu: jibini chini, nyanya juu. Sasa fikirieni: inakaa ovenini nusu saa na zaidi. Jibini ingekuwa juu ingeungua kabla kinyunya hakijaiva. Anayeiita pai simkatalii, mradi aniachie kipande.

Halafu wenyeji wengi wa Chicago siku za kawaida wanakula nyingine kabisa, nyembamba, iliyokatwa vipande vya mraba. Hiyo sinia nzito ni ya wageni na sherehe.

Kona ya Sinia
Wote mmepotea. Detroit. Pizeria ya Buddy's waliianza 1946 kwa masinia ya chuma ya viwandani, yale ya kuwekea vipuri. Jibini inatandazwa mpaka inagusa ukuta wa sinia, inayeyuka, inateremka, inakaangika kati ya chuma na kinyunya. Ukiitoa, ukingo mzima una pindo la kahawia linalovunjika mdomoni kwa sauti, na ndani yake mkate umejaa hewa. Sosi inamiminwa mistari juu ya jibini, kwa hiyo chini hapalowi. Tukiagiza sinia moja, vipande vinne vya kona vina wenyewe, mjue mapema.

Nanasi Halina Kosa
Mimi swali langu ni dogo: mbona hakuna aliyetaja nanasi?

Kuni na Moto
Kwa sababu tulikuwa tunaongea vizuri.

Nanasi Halina Kosa
Piza ya nanasi ilibuniwa Kanada 1962, msiwasingizie Waitaliano wala Hawaii. Na chumvi ya nyama inataka kitu kichachu, hilo hamlipingi.

Mlafi Mstaarabu
😂 Nanasi nalipitisha, tusigombane. Detroit imenigusa, ila mimi mara nyingi naagiza ya kubeba. Ipi inavumilia boksi?

Kona ya Sinia
Hiyo hiyo. Unene unaibeba. Ya Napoli usiithubutu: mvuke ukifungiwa dakika 20, ule ukingo wenye hewa unageuka mpira.

Slaisi Moja Tu
Ukifika nyumbani usiikimbize kwenye maikrowevu. Weka kikaangio kikavu, moto mdogo, kipande kikae mpaka chini kilie. Mwishoni dondosha matone mawili ya maji pembeni, siyo juu ya piza, ufunike jibini iyeyuke. Sifuniki mapema, nikifunika mapema ukoko unalowa tena.