Mrejesho: Niliyekwama studio ya usanifu majengo (somo la kubuni na kuchora majengo)

Wakuu, niliuliza nifanyeje mwalimu akitazama mchoro na kusema tu "bado haujakomaa". Aliyenishauri nimwombe achore badala ya kuongea, ubarikiwe sana. Nilimtandikia karatasi angavu juu ya mchoro wa mkato wa ngazi (unaoionyesha kama imekatwa wima), skeli ya 1:50, yaani sentimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 50 halisi. Akashika penseli, akahesabu kwa sauti: vimo viwili vya kidato (kimo ni urefu wa kupanda kidato kimoja) ukijumlisha na upana mmoja wa kukanyagia, vije kama sentimita 60 hadi 64. Kumbe anajua kueleza!

Uwasilishaji mbele ya jopo bado mtihani. Ukikesha, maoni hayaingii kichwani, kwa hiyo mwenzangu huniandikia maoni ninapowasilisha, nami humwandikia zamu yake. Vigezo vya alama? Tumeviomba kwa maandishi, bado tunazungushwa.