Mama mkubwa kagongwa akishuka taksibisi: nimfuate nani?

Jambo yenu wote. Naomba ushauri, hasa kwa ninyi wa hapa Lubumbashi.

Wiki iliyopita mama mkubwa alishuka taksibisi huku Katuba. Mnazijua zile za usukani wa kuume, zilizotengenezwa kwa barabara za Japani. Sisi Kongo tunapita kuume, kwa hiyo mlango wa abiria unafungukia katikati ya njia. Alipokanyaga chini tu, pikipiki ikamgonga. Mguu umevunjika mahali pawili.

Polisi wa rulaji, wale wa barabarani, walikuwa palepale kwenye kona. Walichukua karatasi za dereva, wakasogea naye pembeni wakaongea, halafu gari likaondoka na wateja wake. PV, ile karatasi ya polisi ya kuandika ajali, hatujaiona mpaka leo. Aliyebaki ni kijana wa pikipiki, hana permi ya kuendesha wala bima, anatoa franga za dawa kidogokidogo (namhurumia, kusema kweli).

Kaka zangu wanataka tumalizane naye kinyumbani. Mimi naona mwenye taksibisi asiponyoke. Namba ya gari ninayo. Bila PV, naweza kwenda parke (kwa mwendesha mashtaka) moja kwa moja? Na nikisaini maelewano na kijana, si nitakuwa nimemwachilia yule mwingine?