Unaninyang'anya kikombe mkononi kisa Snowden? Ndiyo nini sasa?

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka, herufi zikikosewa mnivumilie.

Yule mzee wa kijiweni. Simtaji, mnamjua. Mwenye redio, anayekaa upande wa ukutani kana kwamba lile benchi alirithi kwa babu yake. Leo tumetoka kuswali alasiri, drafti inaendelea, mimi nina kahawa yangu, nimepiga funda moja. Moja tu! Stori zikafika kwa Edward Snowden, yule Mmarekani aliyevujisha siri za NSA, shirika la ujasusi la Marekani. Nikasema yule kijana aliwatendea wema watu wa nchi yake. Mzee akanyanyuka, akaja mpaka nilipokaa, akakichomoa kikombe mkononi mwangu, akaimwaga kahawa mtaroni, akasema: "Anayemtetea msaliti hanywi kahawa niliyoilipia mimi."

Mbele ya watu kumi na tano. Mbele ya shemeji yangu!

Mkono wa kushoto nina kashata, wa kulia vidole vimebaki vimekunjika vilevile, vimeshika hewa. Muuza kahawa kaacha hata kugonganisha vikombe. Ile kahawa ilivyotua mtaroni, mshindo wake nadhani Bagamoyo waliusikia.

Msaliti kwa lipi? Marekani wenyewe, na hasira zao zote, walimfungulia mashtaka matatu Juni 2013: kuiba mali ya serikali, na mawili ya kutoa habari za siri chini ya Sheria ya Ujasusi ya 1917. Uhaini haumo! Katiba yao inasema uhaini ni kuipiga vita nchi yako, au kujiunga na maadui zake na kuwasaidia. Wale waandishi wa habari aliowakabidhi nyaraka hotelini Hong Kong ni jeshi la nani? Serikali iliyoibiwa haijasema uhaini, mzee wa redio wa Dar anasema uhaini, na kahawa yangu anamwaga.

Na alivujisha nini? Kwamba mahakama ya siri iliiamuru kampuni ya simu ya Verizon ikabidhi kila siku kumbukumbu za simu za wateja wake: nani kampigia nani, saa ngapi, wameongea muda gani. Mamilioni ya watu wasio na kosa lolote. Machi mwaka huohuo seneta Ron Wyden alimuuliza mkuu wa ujasusi, James Clapper, hadharani, kama wanakusanya habari za mamilioni ya Wamarekani. Akajibu hapana. Kijana angefunga mdomo, ile hapana ingesimama mpaka leo. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya kule New York ikasema ukusanyaji ule sheria haikuuruhusu, na Juni Bunge lao likaukomesha.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani. Nikashindwa kusema hata neno, maana nilikuwa nautazama mtaro.

Funda moja, wakuu. Nilikuwa nimepiga funda moja.

ChapatiMbili: Pole sana mkuu. Swali dogo tu, kahawa alilipa nani?

Mleta uzi: Alilipa yeye, na hiyo si hoja! Kikombe kikishagusa mdomo wa mtu ni chake.

ChapatiMbili: Hahahaa kumbe! Aliyelipa kamwaga mali yake. Uzi ufungwe.

KokotoLaMto: Mimi niko na mzee. Nimefanya kazi ya ulinzi miaka mingi. Umepewa funguo za ghala umekula kiapo, halafu unawafungulia wapita njia? Hata kama mle ndani mna wizi, nenda kwa wakubwa zako. Na leo yuko wapi huyo shujaa? Urusi, uraia kapewa 2022.

Mleta uzi: Urusi alikwama! Marekani walimfutia pasipoti, akakaa uwanja wa ndege wa Sheremetyevo zaidi ya mwezi mzima. Na wakubwa gani hao, si ndio haohao waliojibu hapana? Halafu usinitoe kwenye mada. Kikombe kilikuwa MKONONI MWANGU.

MkenyaWaThika: Nyinyi mnalilia kahawa. Mei 2014 nyaraka hizohizo zilionyesha Kenya ilikuwa kwenye orodha ya nchi ambazo NSA ilikuwa ikikusanya kumbukumbu zao za simu. Mimi nampigia mama kila jioni. Sasa kuna mtu ameketi Maryland, yaliko makao yao, anajua jioni gani nilimpigia na gani nilisahau? Bila huyo kijana ningejulia wapi? Mzee wenu aniombe radhi na mimi.

DadaWaTemeke: Serikali za mbali huko mnazijali za nini? Hawa wa mikopo ya kwenye simu je? Nimechelewa siku mbili TU, wakampigia baba mkwe, wakampigia mwalimu wa mwanangu, wakampigia fundi bomba ambaye kwenye simu nimemhifadhi "Fundi Usipokee". Wote wameambiwa nadaiwa na kiasi kimetajwa!

KokotoLaMto: Hao ndio wahaini sasa.

MkenyaWaThika: Dada, huku kwetu walimpigia pasta. Jumapili akaniombea kwa jina, kanisa zima limesimama, kina mama wanalia.

DadaWaTemeke: Mungu wangu! Mimi baba mkwe hajanisalimia mpaka leo. Nikiingia sebuleni anaongeza sauti ya runinga.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye kikombe. Kesho alasiri niende kijiweni au nisiende? Shemeji yangu atakuwepo.

PwezaMkavu: Mimi mke wangu anapekua simu yangu nikiwa naoga. Hiyo mahakama ya rufaa inapokea kesi za Mbagala?

ChapatiMbili: Oga nayo.

PwezaMkavu: Nilioga nayo, ikafa. Elfu thelathini kwa fundi, na fundi akakaa anasoma meseji zangu mbele ya wateja wake.

KokotoLaMto: Mafundi simu wafunguliwe uzi wao.

ChapatiMbili: Dada wa Temeke, huyo fundi bomba yuko vizuri? Sinki langu linavuja tangu Jumatatu.

DadaWaTemeke: Yuko vizuri sana, shida yake maneno mengi. Nakutumia namba pembeni. Usimwambie nimekupa mimi.